Ugonjwa wa Misuli Unaoshika Wavulana, na Habari za Kupanda Chembe Mpya

Pengine huonekana katika kijiji mtoto wa kiume aliyezaliwa salama, akanyonya vizuri, wala homa haikumpata kuliko wenzake. Lakini alichelewa kutembea. Alipofika miaka mitatu au minne mama yake aliona kwamba anaanguka mara kwa mara, hawezi kukimbia, na njia ikipanda kilima anaachwa nyuma. Akiwa amekaa chini na kutaka kusimama, hasimami kama watoto wengine. Kwanza anageuka na kuweka mikono chini, kisha anashika miguu yake mwenyewe, magoti, halafu mapaja, akijisukuma kwenda juu kama mtu anayepanda mti. Tena anatembea juu ya vidole, tumbo limetangulia mbele, akiyumba huku na huku kama bata.

Ukimtazama kwa nyuma utashangaa. Mashavu ya miguu yake ni manene na magumu, kama ya mchukuzi wa mizigo. Baba husema, "Huyu ana nguvu, ila ni mvivu." Sivyo. Unene ule si nguvu. Ni mafuta na nyuzi ngumu zilizoingia mahali pa nyama iliyokufa.

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Duchenne, kwa jina la daktari wa Ufaransa, Guillaume Duchenne, aliyeueleza katika vitabu vyake vya mwaka 1861 na 1868. Kabla yake daktari mmoja wa London, Edward Meryon, alikuwa ameandika mwaka 1852 juu ya ndugu wa kiume wa jamaa moja walioshikwa wote. Mwingine wa London, William Gowers, alieleza mwaka 1879 ile namna ya kupanda miguu kwa mikono, na hata leo madaktari huitumia kuutambua ugonjwa. Majina ni ya Wazungu, lakini ugonjwa si wa Wazungu. Katika wavulana 5,000 hivi wanaozaliwa, mmoja huwa nao, na hakuna kabila wala nchi ambayo haufiki. Usipoonekana katika vitabu vya hospitali za Kasongo na Kabambare, ni kwa sababu mtoto hakupimwa, au aliandikwa jina la ugonjwa mwingine.

Si kila mguu mnyonge ni ugonjwa huu

Mzazi asikimbilie kusema mtoto wake ana Duchenne. Polio huja pamoja na homa, hushika mara nyingi mguu mmoja, na mguu ule hukonda. Polio bado iko: mwaka 2017 ilitokea tena katika Maniema. Konzo, iliyojulikana sana upande wa Kahemba, hushika ghafula, miguu yote miwili hukakamaa, katika nyumba ambazo watu hula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, baadaye haizidi. Tena kuna mtoto aliyechomwa sindano vibaya katika tako, akaanza kuburuta mguu siku ile ile.

Duchenne haifanyi hivyo. Huja polepole, bila homa, pande zote mbili sawasawa, ikianzia nyonga na mapaja. Mtoto husikia vizuri akiguswa miguu. Kila mwaka inazidi kidogo. Wengi huacha kutembea kati ya miaka 8 na 12, kisha mikono hulegea, mwishowe misuli ya kupumua na moyo. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka 20. Katika nchi zenye mashine za kusaidia kupumua, sasa wengi hufika miaka 30 na zaidi.

Kipimo cha kwanza ni damu, nacho kinaitwa CK. Katika ugonjwa huu hesabu ya CK hupanda mara 10, hata mara 100 kuliko kawaida, kwa sababu misuli inavunjika na yaliyomo ndani yanamwagika katika damu. Maabara nyingi ndogo hazina kipimo hiki. Lakini nyingi zina kile cha transaminazi, ambacho watu hukitumia kwa kupima ini. Mwuguzi akiona transaminazi ziko juu sana kwa mvulana asiye na macho ya manjano, na ambaye hasimami vizuri, asimpe dawa za ini mwezi baada ya mwezi. Amtazame anavyosimama kutoka chini. Kupima urithi wenyewe ni kazi ya mji mkubwa. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha kazi hiyo ya urithi wa watu.

Kwa nini wavulana, na kwa nini upande wa mama

Ndani ya kila chembe ya mwili mna maandiko ya urithi, yamefungwa katika nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanamume ana X moja, na nyingine yake ni Y. Andiko la kutengeneza kitu tunachotaka kukisema hapa liko juu ya X. Nalo ni andiko refu sana, lenye herufi zaidi ya milioni 2, refu kupita maandiko yote ya namna hii yaliyojulikana katika mwili wa mtu. Kitabu kirefu hivi kikinakiliwa, ni rahisi kosa kuingia.

Mama mwenye X moja yenye kosa anayo ya pili iliyo nzima, kwa hiyo analima, anatwanga, anazaa. Lakini mwanawe wa kiume akipokea ile yenye kosa, hana nyingine ya kumsaidia. Kwa kila mtoto wa kiume wa mama huyo, nafasi ni nusu kwa nusu. Kwa kila binti pia ni nusu kwa nusu kwamba atabeba kosa lile bila kulegea, naye aweza kuwapa watoto wake baadaye.

Ndiyo sababu ugonjwa huonekana kufuata upande wa mama. Mjomba mmoja alikufa kijana bila kutembea, sasa mpwa wake anaanguka. Wazee waliotazama jambo hili waliona sawa, macho yao hayakuwadanganya. Ila sababu waliyoitaja siyo. Wengine husema mjomba aliye hai amemfunga mtoto. Wengine husema mke alileta laana katika nyumba ya mume. Hakuna mtu aliyefanya neno hili. Tena karibu theluthi moja ya watoto hawa, kosa lilianza kwao wenyewe au karibu nao, wala hakuna mjomba yeyote aliyekuwa nao. Mke anayefukuzwa kwa sababu hii anafukuzwa bure, na mtoto hupoteza mikono miwili iliyokuwa ikimwinua asubuhi. Mtoto anayechanjwa chale au kunyimwa chakula ili "kutolewa" uchawi hapati nguvu, bali anapoteza miezi ya kutembea ambayo haitarudi.

Kamba inayokosekana

Fikiri ukuta wa nyumba ya udongo. Kuna nguzo, kuna fito, na kuna kamba zinazofunga fito kwa nguzo. Udongo hupakwa juu. Kamba zikiwa imara, upepo unapotikisa nyumba udongo haupasuki. Kata kamba zote, nyumba itasimama siku chache, lakini kila upepo utafungua ufa, na mvua itaingia katika ufa.

Msuli una nyuzi nyingi ndefu, na kila uzi una ngozi yake nyembamba. Unapojikaza na kulegea, ngozi ile hutikiswa. Kitu kinachoifunga ngozi na nguzo za ndani kinaitwa distrofini. Kiliandikwa jina hilo mwaka 1987 na watu wa Boston, Marekani, waliofanya kazi na Louis Kunkel, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamepata andiko lake. Mtoto wa Duchenne hana distrofini. Kwa hiyo kazi ya kila siku, hata ya kupanda ngazi ya kanisa, hupasua nyuzi zake.

Mwili haukai tu. Chini ya ngozi ya kila uzi zimelala chembe ndogo, kama mbegu chini ya ganda. Mtu aliyeziona kwanza ni Alexander Mauro wa New York, mwaka 1961, katika msuli wa chura. Uzi ukipasuka, mbegu hizo huamka, huongezeka, huungana na uzi na kuutengeneza. Ndivyo msuli wa mtu mzima unavyopona baada ya kuumia. Lakini mbegu za mtoto huyu zina andiko lile lile lenye kosa. Zinatengeneza uzi mwingine usio na kamba, nao unapasuka tena. Mwisho mbegu zinachoka, na mahali pa nyama panaingia mafuta na kovu.

Wazo la kupanda mbegu za mwingine

Hapo unaona wazo lilivyotoka. Ikiwa mbegu za mtoto zina kosa, kwa nini tusichukue mbegu nzuri za mtu mzima wa afya, baba yake kwa mfano, tukaziongeza katika chupa, tukazipanda katika msuli wa mtoto? Nyuzi za misuli zina tabia ambayo sehemu nyingine za mwili hazina: chembe nyingi huungana na kuwa uzi mmoja. Chembe nzuri ikiungana na uzi mbovu huingia na andiko lake, na uzi ule waweza kuanza kufanya distrofini.

Mwaka 1989 Terence Partridge na wenzake wa London walionyesha jambo hili kwa panya wasio na distrofini. Walipanda chembe nzuri, na katika nyuzi za panya distrofini ikaonekana. Furaha ilikuwa kubwa, pengine kubwa mno. Mwaka 1990 watu walianza kuchoma chembe katika misuli ya watoto huko Marekani, na Kanada ikafuata.

Jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi lilitolewa habari zake mwaka 1995, na Jerry Mendell na wenzake wa Ohio. Wavulana 12 walichomwa chembe katika msuli wa mkono mmoja, mara moja kila mwezi kwa miezi sita, chembe milioni 110 kila mara. Mkono wa pili ulichomwa sindano zisizo na chembe, ili mtu asidanganywe na tumaini lake. Baadaye walipima nguvu za mikono yote miwili. Hakukuwa na tofauti. Kwa mvulana mmoja tu nyuzi 10 hivi katika 100 zilikuwa na distrofini ya yule aliyetoa chembe.

Nawasifu watu hawa kwa mkono ule wa pili. Bila huo, wazazi wangaliona mkono "umepata afadhali", na sisi sote tungalisadiki.

Kwa nini mbegu hazikuota

Mkulima wa Kasongo anaweza kueleza shauri hili vizuri kuliko watu wengi wa mijini. Mpunga wa mlimani hupandwa kwa kutoboa shimo na kutia mbegu. Unaota pale pale palipotobolewa. Hautambai kwenda shamba la jirani. Chembe za misuli ni hivyo hivyo. Zinabaki karibu na njia ya sindano, milimita chache tu. Basi fikiri: mwili una misuli zaidi ya 600. Nao ule wa kupumua, uliolala kati ya kifua na tumbo, na moyo wenyewe, nani atautoboa kila milimita?

Jambo la pili ni ndege na panya. Mbegu nyingi huliwa kabla ya kuota. Chembe zilizopandwa hufa kwa wingi katika siku tatu za kwanza. Na zile zinazobaki, askari wa mwili huzitambua kama wageni na kuzishambulia, maana zimetoka kwa mtu mwingine. Ili kuwazuia askari hao hutolewa dawa kali za kutuliza ulinzi wa mwili. Mtoto anayemeza dawa hizo hana ngao mbele ya kifua kikuu na magonjwa mengine ya kuambukiza.

La tatu ni mbegu yenyewe. Mwaka 2005 Didier Montarras na wenzake wa Paris walionyesha kwamba chembe zilizotolewa katika msuli na kupandwa mara moja hufanya kazi vizuri, lakini zikikaa siku chache tu katika chupa ili ziongezeke, nguvu yao ya kutengeneza hupungua sana. Hapo pana fundo gumu. Bila kuziongeza, hazitoshi. Ukiziongeza, zinadhoofika.

Na la nne ni udongo. Shamba lililokwisha kugeuka nyasi ngumu halipokei mpunga. Msuli uliokwisha kugeuka mafuta na kovu hauna uzi wa kuungana na chembe mpya. Neno hili lina maana kwetu, hata sisi tulio mbali na maabara zile. Njia yoyote itakayopatikana siku moja itahitaji msuli ulio hai. Mvulana ambaye viungo vyake vimekunjika na misuli yake imekwisha hatapata faida kubwa, hata chembe zikiwa nzuri namna gani.

Wanavyojaribu kuitengeneza njia hii

Katika Québec, Kanada, Jacques Tremblay na Daniel Skuk walishika shauri la shimo. Walitoboa karibu karibu sana, mashimo mengi katika sehemu ndogo ya msuli wa mguu, na kutumia dawa nzuri zaidi ya kuzuia askari wa mwili. Mwaka 2006 walitoa habari kwamba kwa wagonjwa wanane katika tisa distrofini ilionekana, katika nyuzi 3 mpaka 26 kwa kila 100, kwa kadiri ya mgonjwa. Si kidogo. Lakini sehemu iliyopandwa ilikuwa ndogo, kama ncha ya kidole.

Katika Milano, Italia, Giulio Cossu na wenzake walitafuta mbegu inayoweza kusafiri. Walichukua chembe zinazokaa karibu na mishipa midogo ya damu, ambazo zaweza kupita ukuta wa mshipa na kuingia katika msuli. Mwaka 2006 waliwapa mbwa wenye ugonjwa kama huu, na baadhi yao walitembea vizuri zaidi. Halafu wakawapa wavulana watano, kwa njia ya mshipa wa damu, chembe za ndugu zao wa tumbo moja ambao damu na mwili vililingana nao. Habari zilitoka mwaka 2015. Matibabu yalivumiliwa kwa jumla, ingawa picha za kichwa zilionyesha kwamba mmoja alipata kuziba kidogo kwa mshipa wa ubongo, bila dalili kuonekana. Faida katika nguvu ilikuwa ndogo sana. Wenyewe walisema hivyo, nao walieleza kwamba wavulana wale walikuwa wamekwisha kuchelewa na chembe zilikuwa chache.

Mahali ambapo kupanda chembe kumetoa faida iliyo wazi zaidi ni ugonjwa mwingine wa misuli, unaowashika watu wazima katika koo na kope za macho. Katika Paris walichukua chembe za mgonjwa mwenyewe kutoka msuli wake ambao haujaharibika, wakaziongeza, wakazipanda katika koo. Mwaka 2014 habari zilitoka za wagonjwa 12: wote walisema maisha yao ni afadhali, na 10 kati yao kumeza kwao hakukuendelea kuharibika. Tazama sababu: msuli ni mdogo, hutobolewa wote, na chembe ni za mwenyewe, hakuna askari wa kuzifukuza.

Kwa hiyo wengi sasa wanataka chembe za mtoto mwenyewe zilizosahihishwa. Njia ilifunguliwa na Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2012. Alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa watu, kwamba chembe ya ngozi ya mtu mzima yaweza kurudishwa nyuma mpaka iwe kama chembe ya mwanzo kabisa, inayoweza kugeuka kuwa chembe ya namna yoyote, tena inaongezeka bila kuchoka. Basi mtu aweza kuchukua ngozi au damu ya mtoto, kurudisha chembe nyuma, kusahihisha kosa katika andiko, kisha kuzigeuza kuwa mbegu za misuli. Rita Perlingeiro na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wamefanya kazi ndefu juu ya mbegu za namna hii, nao wamepata ruhusa ya kuanza kuzijaribu kwa watu. Hofu iliyopo ni moja kubwa: chembe inayoongezeka bila kuchoka, ikibaki hata moja bila kugeuzwa, yaweza kuwa uvimbe.

Kuna pia njia isiyojali kupanda. Chembe zilizotolewa katika moyo wa mtu aliyekufa hutiwa katika mshipa wa mgonjwa kila miezi mitatu, si ili ziote, bali ili zitoe vitu vinavyotuliza moto wa misuli. Jaribio la wavulana na vijana 20, lililotolewa mwaka 2022, lilionyesha kwamba mikono ya waliopewa ilidhoofika polepole zaidi. Mwaka 2025 wakubwa wa dawa wa Marekani waliitazama, wakataka kwanza ushahidi zaidi.

Kando ya chembe, kuna dawa inayotia andiko fupi la distrofini kwa njia ya virusi. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2023. Bei yake ni dola milioni 3.2 kwa mtoto mmoja, na mwaka 2025 wavulana waliokwisha kuacha kutembea walikufa kwa ini baada ya kuipokea. Naitaja tu ili mtu akiisikia katika redio ajue ni kitu gani.

Wauzaji wa chembe

Hapa nataka msomaji asome polepole. Mpaka leo hakuna kupanda chembe kokote ambako kumethibitishwa kuponya ugonjwa wa Duchenne. Lakini katika nchi nyingine kuna nyumba za matibabu zinazouza "chembe shina" kwa kila ugonjwa: misuli, kisukari, upofu, uzee. Huonyesha picha za mtoto anayetabasamu. Jamaa huuza mashamba, ng'ombe, hata dhahabu iliyochimbwa kwa miaka Namoya na Salamabila, wakapanda ndege, wakarudi na mtoto yule yule.

Utawatambuaje? Majaribio ya kweli hayamwuzii mgonjwa chembe. Wanaojaribu ndio wanaolipa. Mtu wa kweli atakuambia chembe zimetoka kwa nani, zinaingia msuli gani, na wamepima namna gani kama zimefaa. Atakuambia pia habari za waliopata hasara. Anayeahidi kupona, na anayetibu magonjwa 20 kwa chupa moja, usimpe franka hata moja. Mlete mtoto kwa daktari wa hospitali pamoja na karatasi za watu hao, zisomwe mbele yako.

Kazi inayoweza kufanywa hapa

Fedha ile inafaa zaidi nyumbani. Kila asubuhi na jioni, mama au ndugu mkubwa ashike kisigino cha mtoto kwa kiganja, goti likiwa limenyoshwa, asukume unyayo kuelekea juu polepole, ahesabu mpaka 20, aachie, arudie mara kumi kila mguu. Isiume. Mtoto alale kifudifudi muda fulani kila siku ili nyonga zinyoke. Fundi wa mbao aweza kutengeneza kibao kilichopinda kama herufi L, kikafungwa kwa vitambaa laini usiku, ili unyayo usilale ukielekea chini. Kazi hii ndogo huchelewesha ile siku ambayo visigino havigusi chini tena.

Atembee, acheze, lakini asilazimishwe. Kubeba maji kichwani, kutwanga, kuingia mashimo ya dhahabu, na hasa kuteremka milima na mzigo, hupasua nyuzi haraka. Kuogelea ni kuzuri sana kwake, ingawa hakuna daktari atakayemwambia mtu ampeleke katika Lualaba au Luama penye mamba. Kijito kidogo na mtu mzima kando yake kinatosha. Aangaliwe asivunjike mguu, kwa sababu mtoto huyu akilala wiki sita na plasta, mara nyingi hasimami tena. Ikitokea, daktari aambiwe ugonjwa wake, ili amsimamishe mapema.

Dawa ya prednisoloni huweza kuongeza miaka kadhaa ya kutembea. Si dawa ya kununua sokoni. Inanenepesha, inadhoofisha mifupa, inaficha homa. Katika nchi yetu kuna hatari nyingine: minyoo midogo iitwayo strongiloidi, inayoingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu, yaweza kuenea mwili mzima na kumwua anayemeza dawa hii. Kwa hiyo daktari kwanza atatafuta minyoo na kifua kikuu, na kumaliza chanjo. Na aliyeanza asiache ghafula, hata siku moja; mwili wake umesahau kujitengenezea dawa hiyo. Kama barabara ya Kabambare hufungwa na mvua, vidonge vya miezi yote ya masika vichukuliwe mapema.

Akiacha kutembea, baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, ile ya watu wa polio, haimfai kwa muda mrefu, kwa sababu mikono yake nayo inalegea. Anahitaji kiti cha kusukumwa, chenye mgongo ulio wima, ili uti wa mgongo usipinde na kubana mapafu. Akili ya wengi wao ni nzima, ingawa wengine huchelewa kusoma. Wasikae ndani. Wavulana wawili wenye nguvu waweza kumfikisha masomoni, na mtoto asiyeweza kulima ana haja ya kujua kuandika na kuhesabu kuliko wote. Chakula kiwe cha kujenga, maharagwe, ndagala, karanga, sombe, lakini ugali usizidi, maana uzito humchosha yeye na anayemwinua.

Akiumwa kichwa kila asubuhi, akilala vibaya, au kikohozi chake kikikosa nguvu, mapafu yanachoka, aletwe. Moyo upimwe hata kama halalamiki, na kwa kawaida dawa kama enalaprili huanzwa afikapo miaka 10. Mama yake, na dada zake wakikua, nao wapimwe moyo, kwa kuwa wengine wanaobeba kosa hili hupata udhaifu wa moyo bila kulegea miguu.

Tena jambo moja ambalo kila jamaa ya mtoto huyu ilijue kwa moyo. Akihitaji kupasuliwa, kwa ngiri au kwa mfupa, dawa mbili za kulazia wagonjwa, suksinilikolini na halotani, zaweza kuusimamisha moyo wake pale pale juu ya meza. Mwuguzi wa usiku asiyejua habari zake hana kosa akizichukua, kwa sababu kwa watoto wengine hutumika. Kwa hiyo mwombeni daktari aandike karatasi: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa Duchenne. Asipewe suksinilikolini wala halotani." Itiwe katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya chanjo, nayo isafiri naye, akipelekwa kwa pikipiki mpaka Kindu au akibebwa kwa kipoyi mpaka kituo cha afya kilicho karibu.